Gauni la Wageni

Katika kituo kile cha kulelea watoto, kila mtoto alikuwa na nguo za aina tatu: za shule, za kushindia na za wageni. Za shule zilichakaa, za kushindia zilirithiwa na mdogo anayefuata, lakini za wageni zilikuwa na heshima yake. Zilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama Mkubwa, zimepigwa pasi na kukunjwa, na ufunguo wa sanduku ulining'inia shingoni mwake mchana na usiku. Wasichana walikuwa na gauni la buluu lenye ukosi mweupe, wavulana shati la buluu hiyohiyo. Zilitoka siku ya wageni tu, na wageni wakishaaga zilivuliwa kabla vumbi la gari lao halijatulia.

Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Alikuwa mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Kupokea wageni alikujua kama wengine wanavyojua kupika. Jioni kabla ya ugeni aliwapanga watoto ukumbini na kuwauliza, na wao wakajibu kwa sauti moja.

"Mgeni akiuliza mnaendeleaje?"

"Vizuri sana, karibuni tena!"

"Akiuliza mnahitaji nini?"

"Hatuna shida, tunashukuru!"

"Na machozi?"

"Machozi ni ya nyumbani!"

Usimcheke haraka. Zamani, alipokuwa mlezi mgeni pale, walikuja watu wakampiga picha msichana mdogo akiwa analia, kamasi zikimtiririka, nzi wawili watatu usoni. Mwaka uliofuata Mama Mkubwa aliikuta picha ile kwenye kalenda, ukutani katika ofisi ya watu, na chini yake watu wanakunywa chai. Msichana mwenyewe alipokua akaiona, alikaa siku nzima bila kula. Tangu hapo Mama Mkubwa aliapa kwamba uso wa mtoto wake hautageuzwa tena pambo la ukuta. Nguo za wageni zilitokana na uchungu huo, na majibu ya wageni pia.

Sasa katika kituo kile kulikuwa na msichana waliyemwita Maswali, na kama umewahi kukaa na mtoto wa aina hiyo huhitaji kuelezwa sababu. Aliuliza kwa nini kuku halii machozi. Aliuliza nani alimfundisha mwalimu wa kwanza. Aliletwa akiwa mchanga, amefungwa ndani ya shati la mwanamume, na ndugu zake walitafutwa mpaka redioni, asitokee hata wa kusingizia. Alipokuwa bado mdogo walikuja mume na mke kutoka nchi ya mbali, mume fundi saa, mke mwalimu wa muziki. Walikaa mji ule msimu mzima wakija kila siku, wakacheza naye, wakamuuguza surua, wakafua hata nepi za watoto wengine. Waliomba kumuasili awe mtoto wao. Walikaguliwa, wakahojiwa, wakaonekana wanafaa, wakarudi kwao kuandaa chumba.

Walipokuwa huko, Bunge likasimamisha kabisa kuasili watoto kwenda nje ya nchi, hadi sheria mpya itungwe. Mswada wa sheria hiyo mpya ukafika kwenye kamati, na kwenye kamati ukaota mizizi.

Kila Jumapili fundi saa na mkewe walipiga simu ya Mama Mkubwa. Kwao kulikuwa kunapambazuka wakati hapa jua limeshachoka, kwa hiyo mzee wa watu kila mara alianza kwa Kiswahili chake cha kununua, "Umeamkaje, binti?" Maswali akacheka na kumjibu, "Baba, mimi nimeshaoga na kuvua viatu, wewe ndiyo kwanza unaamka. Mvivu!" Chumba chake huko kilipakwa rangi ya waridi, kwa sababu ndiyo aliyoitaka. Alipokua akaitaka kijani, wakakipaka upya. Kitanda cha kwanza walikigawa kwa sababu miguu ingetokeza. Mwaka ujao Maswali angefikia umri wa kuhamishiwa bweni la wakubwa, na kwa kanuni za zamani ombi la mtoto wa bweni la wakubwa lilifungwa, halifunguliwi tena. Hilo Maswali alikuwa analijua. Alikuwa ameshauliza.

Mama Mkubwa hakukaa kitako. Alikwenda kwenye ofisi za wabunge hadi walinzi wa getini wakambatiza jina la Mama Mswada. Alikaa kwenye mabenchi, akaambiwa mheshimiwa yuko kikaoni, mheshimiwa ametoka, mheshimiwa ndiyo huyo anaingia garini. Aliwafuata hadi kwenye misiba. Na kila aliporudi bure, kuna kona ndogo moyoni mwake iliyopumua. Aliijua kona hiyo na aliichukia. Alikuwa amemlea mtoto yule tangu yuko ndani ya shati, na hakuna sheria iliyomwambia mtu wa namna hiyo aweke wapi mikono yake siku mtoto akiondoka. Lakini kesho yake alivaa viatu akaenda tena.

Basi siku moja afisa wa ustawi wa jamii akapiga simu, sauti inamruka. "Mama, wamekubali! Kamati inakuja kituoni kwako, Mwenyekiti mwenyewe. Wanataka kuwaona watoto kwanza, ndipo waamue kama mswada utolewe kabatini."

Kituo kikapinduliwa juu chini. Kuta zikapakwa chokaa, madirisha yakafutwa, mbwa wa jirani akafungwa. Kitanda kilichovunjika mguu kikafichwa stoo pamoja na mtoto mmoja mwenye tabia ya kuuma. Shangazi, mpishi wa kituo tangu enzi na enzi, alisimama mlangoni mwa jiko amejishika kiuno, akitazama.

"Dada," akasema, "mgonjwa haendi kwa daktari amejipaka poda."

"Unataka nikawatie watoto masizi?"

"Nataka uwaache walivyo. Mficha uchi hazai."

"Mimi sijazaa, na hawa wote wananiita mama," Mama Mkubwa akamkata. "Kachambue mchele."

Usiku ule alilitoa gauni la Maswali. Lilikuwa limembana mabegani, lakini tatizo lilikuwa urefu. Kila mwaka alikuwa akifumua pindo na kulishusha kidogo, na kila pindo la zamani liliacha mstari uliopauka kuzunguka gauni zima. Akalifumua tena, akakuta hakuna kitambaa kilichobaki cha kushusha. Akapiga pasi hivyohivyo.

Wageni walifika kwa basi dogo lenye mapazia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mzito, mpole wa macho, anayejifuta jasho kwa leso kubwa. Nyuma yake wajumbe wengine, miongoni mwao mheshimiwa mmoja mwanamke aliyevaa miwani na asiyesema sana, na mpiga picha aliyesema kwa wote. Watoto wakaimba. Waliimba vizuri kiasi kwamba mjumbe mmoja alisahau kutazama simu yake. Wageni wakapitishwa mabwenini, wakaona mashuka yaliyonyooka, wakaonja uji, wakausifu. Mtoto mdogo kuliko wote akampa Mwenyekiti ua, na juu ya hapo akambusu mkono, jambo ambalo hata halikuwemo kwenye mazoezi.

Mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu wa huruma kweli, akasimama kusema neno.

"Nimetembelea vituo vingi," akasema. "Vingine unatoka huwezi kula. Hapa nimeona watoto wana furaha kuliko wajukuu zangu. Wenzangu, hebu tuulizane. Watoto hawa tuwapeleke ugenini wakatafute nini? Nadhani tumepata jibu letu. Ule mswada hauna haraka."

Wajumbe wakapiga makofi. Watoto wakapiga makofi, maana walifundishwa kupiga makofi mgeni akimaliza kusema. Mama Mkubwa akajikuta naye anapiga makofi, viganja vinakwenda vyenyewe, huku akili inamwambia kwamba amekuja kuzika na anacheza ngoma.

Mheshimiwa wa miwani hakupiga. Aliinama mbele ya Maswali, aliyekuwa mstari wa mbele kwa sababu ya sauti yake nzuri.

"Na wewe, mwanangu? Unahitaji nini?"

Maswali akamtazama Mama Mkubwa. Kisha akatabasamu lile tabasamu la wageni, meno ya juu tu, kama alivyofundishwa.

"Hatuna shida, tunashukuru."

Mtoto aliyekuwa akiliuliza jua lilikolala, leo ameulizwa yeye, akajibu kama mlango unavyojibu ukisukumwa. Yale yalikuwa maneno ya Mama Mkubwa mwenyewe. Aliyatunga ili yamkinge mtoto, na sasa yalikuwa yamemkinga hata na bahati yake.

Wageni wakatoka nje kupiga picha ya kumbukumbu ngazini. Mpiga picha akawapanga, warefu nyuma, wafupi mbele, mheshimiwa huku, tabasamu. "Yule binti gauni lake fupi," akalalamika. "Mama, hebu mvute kidogo." Mama Mkubwa akapiga magoti, akalivuta gauni la Maswali lifunike magoti. Likagoma. Akavuta tena. Magoti yenye makovu ya kuanguka, ambayo yote aliyaosha yeye kwa maji ya chumvi, yakabaki nje yakimtazama.

Akainuka.

"Picha isubiri," akasema, na ile sauti yake nene ikamfikia hata dereva ndani ya basi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mtoto huyu amewadanganya. Na uongo huo si wake. Nimemfundisha mimi."

"Mama, tuna ratiba," mjumbe mmoja akaanza.

"Najua. Na yeye anayo." Akalishika pindo la gauni. "Gauni hili nilimshonea mwaka ule walipokuja watu wake, wale wanaomsubiri mpaka leo. Nikalishonea pindo nene, nikijua atakua. Mstari huu wa chini ya kiuno, mlikuwa mmesimamisha sheria mkasema mnaitazama upya. Nikafumua, nikashusha. Huu hapa, mkasema mswada umefika kamati. Nikashusha. Huu, mkasema kamati ina mambo mengi. Nikashusha. Sasa waheshimiwa, kitambaa kimekwisha. Mwakani anahamia bweni la wakubwa, na ombi lake linafungwa. Hiyo ndiyo shida ambayo hana."

Mpiga picha aliishusha kamera polepole. Mwenyekiti alijifuta uso, na alipoiondoa leso upole ulikuwa umepungua.

"Mama, unadhani tulifunga kwa kupenda?" akasema. "Alikuja ofisini kwangu bibi mmoja. Mjukuu wake alichukuliwa kwenda nje, kwa karatasi zilizokamilika, mihuri yote. Hakumpa mtu ruhusa, alidanganywa kwamba mtoto anakwenda kusoma. Tulimtafuta yule mtoto mpaka balozi zikatuchoka, na hadi leo hatujui aliko. Bibi aliweka mezani kwangu kiatu kimoja cha mtoto. Mimi kiatu kile nakiona nikila, nakiona nikisali. Unataka niufungue mlango ule?"

Hasira zilimshuka Mama Mkubwa. Alimwonea yule mzee huruma ya kweli, kwa sababu naye alikuwa na kalenda yake.

"Usikisahau kiatu," akasema mwishowe, taratibu. "Kiweke mezani siku mkikaa kikao. Mimi siombi mlango uachwe wazi. Lakini mwizi akipita mlangoni watu huweka komeo, hawazibi kwa matofali watoto wakiwa ndani. Mtoto mwenye bibi abaki na bibi yake, na mkisaidie kile kizee kumlea. Mtoto anayeweza kupata mzazi hapahapa nchini, apate hapa. Asiye na mtu, kama huyu, andikeni nani amkague anayemtaka, nani amtembelee mtoto huko aliko, na akipotea nani atajibu. Na kama baada ya yote hayo mtasema hapana, semeni hapana. Nitampakata nimwambie. Lakini msinyamaze, Mheshimiwa. Mtu akikataliwa anaweza kukata rufaa. Akinyamaziwa anaikatia wapi?"

Mheshimiwa wa miwani akageuka akamtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti akawa anatazama mistari ya gauni.

"Mama Mkubwa," Maswali akasema kwa sauti ndogo, "naweza kuuliza?"

"Uliza, mwanangu."

Maswali akamgeukia Mwenyekiti. "Mkishaamua, mtarudi kutuambia? Maana wageni huwa hawarudi."

"Mjukuu wangu," Mwenyekiti akasema, akichagua maneno, "siwezi kukuahidi tutakachoamua."

"Sijauliza mtakachoamua. Nimeuliza kama mtarudi."

Kicheko kilimponyoka dereva, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Akamwambia mtoto, "Nitarudi." Wakapanda basi, na picha haikupigwa.

Wiki zikaja na kupita. Shangazi, ambaye hakuwahi kuiacha nafasi ya kusema, alisema. "Ahadi ya mwanasiasa ni mvuke wa sufuria, dada. Unauona, haushibishi." Kila Jumapili fundi saa aliuliza kama kuna habari, na Maswali alimjibu, "Kuna babu mmoja amesema atarudi." Alilisema kwa uhakika uliomtisha Mama Mkubwa kuliko kilio.

Wageni wakaja siku ya kufua. Hawakupiga simu wala hawakutuma mtu, na katika historia ya kituo kile hilo halikuwahi kutokea. Uani kulikuwa na mabeseni, kamba zimelemewa na mashuka yaliyolowa, watoto wana viraka, mmoja hana nguo kabisa na hana habari. Yule wa kuuma alikuwa amemuuma mwenzake dakika hiyohiyo, na wawili hao walikuwa wakishindana kulia. Mama Mkubwa, povu hadi viwikoni, alipomwona Mwenyekiti anaingia getini na mheshimiwa wa miwani, mkono ulimrukia shingoni kutafuta ufunguo wa sanduku. Shangazi akaudaka.

"Tulia wewe. Waone."

Mwenyekiti alitafuta pa kukaa, akaipindua ndoo, akaikalia, ikalalamika. Akamwita Maswali.

"Nimerudi," akasema. "Mswada umetoka kabatini. Umepangiwa siku ya kusomwa mwezi ujao, na kabla ya hapo kamati itawasikiliza watu. Mama yako huyu ataitwa aseme kama alivyosema hapa. Na yule bibi wa kiatu nimemwita pia, aseme yake."

"Na wote mtawasikiliza?"

"Wote. Lakini usidanganyike, wapo wanaoupinga, tena wengi. Unaweza kuanguka."

"Ukianguka utarudi?"

Mheshimiwa wa miwani ndiye aliyejibu safari hii. "Ukianguka tutakuja wawili, na ukipita tutakuja wawili."

Maswali akaitikia kwa kichwa kama karani aliyeridhika na muhuri, halafu akamuuliza Mwenyekiti kama huwa anaihurumia ndoo.

Walipoondoka, jua lilikuwa limeanza kulegea na mashuka yanakaribia kukauka. Mama Mkubwa alilifungua sanduku, akalitoa gauni la buluu lenye mistari, akakaa nalo kwenye kizingiti. Kulikuwa na msichana mdogo aliyeletwa karibuni ambaye lingemfaa likipandishwa pindo. Maswali akaketi kando yake, akachukua sindano na kutunga uzi, maana macho ya Mama Mkubwa hayakuwa tena ya kazi hiyo. Wakashona kimya, huyu akikunja kitambaa, huyu akishikilia.

"Mama Mkubwa."

"Mh."

"Ukipita, nikaenda. Utalia?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Alilifundisha kwa miaka mingi kiasi kwamba lilikuja lenyewe, limepigwa pasi: hatuna shida. Akaukata uzi kwa meno, akalimeza.

"Nitalia," akasema.

"Sana?"

"Sana. Mpaka Shangazi anifukuze jikoni."

"Hata mbele ya wageni?"

"Hata mbele ya Bunge zima. Na utaenda, Maswali. Nitalia na utaenda."

Mtoto akauvutavuta uzi uliobaki kidoleni. Mdomo wa chini ukaanza kumtetemeka, akaubana kwa meno ya juu kama alivyozoea.

"Basi na mimi," akauliza, "naruhusiwa?"

Mama Mkubwa akaichomeka sindano kwenye ukosi mweupe wa gauni, isije ikamchoma mtu, akamfungulia mikono.